Kabla ya kufundisha, daktari bingwa hujifunza kunyamaza

Mfanyabiashara anayeugua akiwa Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo hana nafasi ya kuchagua daktari. Huingia kituo cha afya kilicho karibu, huketi kwenye benchi na kungoja zamu yake. Anayemhudumia anaweza kuwa amesomea Eldoret, Kampala, Mbarara, Moshi, Dar es Salaam au Kigali. Mgonjwa hamuulizi cheti. Anachotaka ni mtu wa kumsikiliza, kumuuliza maswali yanayofaa na kutambua kinachomsumbua kabla lori halijaondoka au mzigo haujaharibika.

Uwezo huo wa kuuliza hauji pamoja na koti jeupe. Hufundishwa, na hufundishwa vizuri zaidi katika chumba kidogo chenye meza moja, ubao mmoja, wanafunzi wanane hadi kumi na daktari mmoja wa kuwaongoza. Vyuo kadhaa vya ukanda huu vimekuwa vikitumia njia hiyo, vingine kwa zaidi ya miaka 30.

Lakini kuna jambo ambalo wazazi wanaolipa ada, na wagonjwa wanaosubiri matunda yake, hawaambiwi mara nyingi. Daktari anayeongoza kikundi hicho naye anapaswa kufundishwa kazi hiyo. Kutibu ni ujuzi mmoja, kufundisha ni ujuzi mwingine, na chuo kinachodhani wa kwanza unaleta wa pili hutoa madaktari wanaokariri majina ya magonjwa lakini hawajui kumhoji mgonjwa.

Swali lisilogharimu shilingi wala faranga

Chukua mfano wa kisa kinachoweza kuwekwa mezani mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili. Mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye umri wa miaka 41 amefika hospitalini akiwa na homa ya siku nne, maumivu ya mwili na ufizi unaotoa damu. Amemeza dawa za malaria alizonunua dukani na hakupata nafuu. Karatasi inaishia hapo.

Mwanafunzi aliyezoea kukariri atasema ni malaria sugu au homa ya matumbo, kisha ataagiza vipimo. Mwenzake atauliza ng'ombe walinunuliwa wapi, kama kuna waliotupa mimba, kama mgonjwa mwenyewe alishika nyama au damu wakati wa kuchinja, na kama mvua zilikuwa kubwa kule alikotoka. Maswali hayo ndiyo yanayoelekeza kwenye homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa ambao binadamu huupata kwa kugusa damu na majimaji ya mnyama mgonjwa au kwa kuumwa na mbu.

Wafanyabiashara wa mifugo hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Ugonjwa huo ulipozuka mwishoni mwa 2006 na kuendelea 2007 katika Kenya, Somalia na Tanzania, baada ya mvua kubwa, biashara ya mifugo ilisimama katika maeneo yaliyoathirika na watu walipoteza maisha.

Miaka ya karibuni imeleta mifano zaidi. Ebola ilitangazwa Uganda Septemba 2022. Marburg ilitangazwa mkoani Kagera, Tanzania, Machi 2023, kisha tena Januari 2025. Rwanda ilitangaza Marburg Septemba 2024, na wengi wa walioambukizwa huko walikuwa wahudumu wa afya. Katika magonjwa yote hayo, dalili za siku za mwanzo hufanana na za malaria. Daktari anayeuliza "umetoka wapi, na umekutana na nani?" huweza kuuzuia ugonjwa mapema. Asiyeuliza humrudisha mgonjwa kwenye basi.

Kutoka Hamilton hadi Eldoret

Mtindo wa kufundisha udaktari kwa kuanza na kisa cha mgonjwa ulianza mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha McMaster mjini Hamilton, Kanada, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari, wapatao 20. Kabla ya hapo vyuo vingi vilifuata utaratibu mmoja: miaka ya mwanzo ni mihadhara ya viungo vya mwili, kemia na dawa, na mgonjwa huonekana baadaye. McMaster waligeuza mambo. Kisa kilitangulia, na wanafunzi wakatafuta elimu waliyoihitaji ili kukielewa.

Chuo cha Maastricht nchini Uholanzi kilifuata mwaka 1974, na huko ndiko kulikotengenezwa utaratibu wa hatua saba unaotumika hadi leo katika nchi nyingi. Wanafunzi husoma kisa na kufafanua maneno yasiyoeleweka. Hukubaliana tatizo ni nini. Hutoa mawazo yote yanayoweza kulieleza, kisha huyapanga. Huandika mambo ambayo hakuna hata mmoja wao anayeyajua. Kila mmoja huenda kuyasoma. Baada ya siku chache hurudi na kuelezana walichopata. Mwanafunzi mmoja huwa mwenyekiti, mwingine huandika ubaoni. Daktari huketi kwenye meza ileile kama mmoja wao.

Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret kilipokea wanafunzi wa kwanza wa udaktari mwaka 1990 na kuanza na mtaala wa aina hii, pamoja na kuwapeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya na vijijini. Makerere, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1924, kilibadili mtaala wake mwaka 2003. Mbarara, kilichoanzishwa 1989, kiliweka mkazo kwenye mafunzo ndani ya jamii.

Moshi, kwenye chuo kilicho pamoja na hospitali ya KCMC, imetumika namna nyingine: darasa moja kubwa hugawanywa katika vikundi vingi, vyote hujibu maswali yaleyale, na kila kikundi hutetea jibu lake mbele ya vingine. Wafanyabiashara watapenda kujua kwamba namna hiyo haikubuniwa na daktari. Ilibuniwa na mwalimu wa masomo ya biashara nchini Marekani, Larry Michaelsen wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya darasa lake kufurika.

Tatizo la anayejua sana

Daktari bingwa ameheshimiwa maisha yake yote kwa kutoa majibu. Wodini akiulizwa hujibu, na hujibu haraka, kwa sababu akichelewa mgonjwa huumia. Akiingia kwenye kikundi cha wanafunzi hutakiwa kufanya kinyume chake. Anajua jibu, anamwona mwanafunzi akipotea njia, na bado anatakiwa kungoja.

Wasioandaliwa huanguka kwa namna mbili. Wa kwanza ni yule anayeshindwa kujizuia. Mwanafunzi akisitasita kidogo tu, daktari hudakia, huchukua chaki na kumaliza saa nzima akieleza. Kikundi hugeuka kuwa mhadhara mdogo, na wanafunzi hujifunza kwamba wakinyamaza vya kutosha jibu litakuja lenyewe.

Wa pili ni yule aliyeambiwa asihutubie akadhani ameambiwa asifanye kitu. Huketi pembeni akisoma simu huku wanafunzi wakikubaliana juu ya jambo lisilo kweli. Saa zikiisha husema "vizuri" na kuondoka. Huyu ni hatari kuliko wa kwanza, maana kosa linatoka chumbani likiwa na muhuri wa daktari.

Katika miaka ya mwanzo kulikuwa na imani kwamba anayeongoza kikundi hahitaji kuwa mjuzi wa somo lenyewe, mradi ajue kuendesha mazungumzo. Utafiti uliofanywa baadaye Maastricht na Henk Schmidt na Jos Moust ulionyesha kwamba ujuzi una umuhimu wake, ila peke yake hautoshi. Mwalimu anayefaa ana mambo matatu kwa pamoja: analijua somo, anaweza kusema kwa lugha ambayo mwanafunzi anaielewa, na anajali kama mwanafunzi huyo anajifunza au la.

Kunyamaza nako kumepimwa. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwingine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalikuwa marefu zaidi, wanafunzi wengi zaidi walishiriki, na hata waliodhaniwa dhaifu walianza kusema. Sekunde tatu zinaonekana kidogo. Kwa daktari bingwa aliyezoea kukimbizana na wodi, ni ndefu mno.

Heshima isiyoziba mdomo

Kuna jambo la pili ambalo daktari wa ukanda huu hana budi kuliandalia. Vijana wengi wamelelewa kumwachia mkubwa neno la mwisho. Mwanafunzi anaweza kuona wazi kwamba daktari amekosea na bado akasema "sawa, daktari", kwa adabu tu.

Adabu hiyo ni njema nyumbani na ina gharama hospitalini. Kijana ambaye hakuthubutu kuuliza kwenye kikundi, miaka mitano baadaye hatathubutu kumwambia mkubwa wake kwamba dozi iliyoandikwa ni kubwa mno kwa mtoto. Kwa hiyo mkufunzi hufundishwa kutoa ruhusa kwa maneno na kwa vitendo: kuketi pamoja na wanafunzi badala ya kusimama mbele yao, kuwaita kwa majina, kumshukuru hadharani anayeona kosa, na kusema "sijui, twende tukatafute" pale asipojua. Heshima yake haipungui kwa kufanya hivyo. Wanafunzi hupata kuona jinsi mtu mzima anayejua kazi yake anavyokiri mpaka wa ujuzi wake.

Jinsi bingwa anavyofundwa

Maandalizi ya kawaida huanza na warsha ya siku mbili au tatu, na siku ya kwanza bingwa hugeuzwa mwanafunzi. Daktari wa upasuaji huketi na daktari wa watoto na wa magonjwa ya akina mama, hupewa kisa kilicho nje ya fani zao wote, na kutakiwa kupita hatua zote saba. Wengi hukumbuka hapo, baada ya miaka mingi, jinsi inavyokuwa kukaa mezani bila kujua.

Siku inayofuata huongoza kwa zamu. Wenzao huigiza wanafunzi wa kila aina: anayezungumza bila kupumua, mkimya, anayechelewa, anayesoma majibu kwenye simu, na anayekubali kila kitu. Kisha huambiwa walivyofanya. Nani alizungumza zaidi? Swali gani lilifungua mazungumzo, na lipi liliyaua? Ulimjibu mwenyewe au ulilirudisha swali kwa kikundi?

Maswali yenyewe ni machache na mepesi kukumbuka. Kwa nini unafikiri hivyo? Nini kingekufanya ubadili mawazo? Nani ana maelezo tofauti? Hilo umelisoma au umelikisia?

Baada ya warsha mkufunzi mpya huketi karibu na mzoefu kwa vipindi kadhaa kabla ya kuachiwa kikundi chake. Hupewa mwongozo unaoeleza kisa kimekusudia nini, ili ajue kikundi kinapotoka nje ya njia. Wakufunzi wa kisa kimoja hukutana kabla ya juma kuanza ili wasipishane. Mwisho wa kipindi wanafunzi humpima yeye, na majibu hayo hurudishwa kwake.

Wodini, ambako muda ni mfupi zaidi, kuna utaratibu wa hatua tano uliochapishwa mwaka 1992 na madaktari wa familia wa Marekani. Mwanafunzi kwanza aseme yeye anadhani ugonjwa ni upi. Kisha aeleze sababu. Daktari amfundishe kanuni moja tu. Amwambie alichofanya vizuri. Mwisho amrekebishe alipokosea. Dakika chache zinatosha, na mgonjwa anayefuata hasubiri sana.

Mwenye duka yeyote anaitambua njia hii. Anayetaka kijana wake aweze kushika duka yeye akiwa safarini hamfanyii hesabu zote. Humuuliza, "Mteja huyu akitaka punguzo la mia tano, tunabaki na nini?", kisha husubiri, hata kama mteja anaanza kuchoka. Siku atakaporudi kutoka safarini ndipo atajua kama alifundisha au alionyesha tu.

Hesabu ya saa

Kwa nini basi vyuo vyote havifanyi hivyo? Jibu liko kwenye hesabu. Darasa la wanafunzi 120 likifundishwa kwa mhadhara wa saa nne kwa wiki, linahitaji mwalimu mmoja kwa saa nne. Darasa hilohilo likigawanywa katika vikundi vya watu kumi ni vikundi 12. Kila kikundi kikikutana mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, ni saa 48 za wakufunzi. Hapo bado saa za maandalizi, vyumba, mikutano na warsha yenyewe.

Walimu wenyewe ni wachache. Utafiti mkubwa wa vyuo vya udaktari kusini mwa Sahara, uliochapishwa mwaka 2011, ulihesabu vyuo 168 na kutaja uhaba wa walimu miongoni mwa matatizo makubwa zaidi. Daktari akilinganisha saa mbili za kikundi na saa mbili za kliniki yake binafsi, kikundi hushindwa. Pasipo chuo kuhesabu ufundishaji katika kumpandisha cheo, hushindwa mara mbili.

Shinikizo hilo huonekana kwenye ukubwa wa vikundi. Kumi huwa 15, kisha 20, kisha 25. Kikundi cha watu 25 ni kidogo kwa jina tu: watano huzungumza na 20 husikiliza, na mkimya anamaliza muhula bila kusikika. Baadhi ya vyuo duniani hujaza pengo kwa kuwatumia madaktari vijana wanaosomea ubingwa, ambao bado wanakumbuka walivyohangaika na somo hilohilo. Ni dawa nzuri, ila vijana hao nao wanahitaji warsha ileile. Kuwaingiza bila maandalizi ni kuhamisha tatizo kutoka bega moja kwenda jingine.

Mpaka mmoja, shule nyingi

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka ni sehemu yake. Mabaraza ya madaktari ya nchi wanachama yamekuwa yakikagua vyuo vya udaktari kwa pamoja, ili cheti cha upande mmoja kikubalike upande wa pili. Kwa mfanyabiashara hilo ni jambo la kawaida: bidhaa yenye alama ya ubora hupita kwa urahisi.

Vitanda, maabara, vitabu na idadi ya walimu huhesabika. Namna kikundi kinavyoongozwa huonekana tu na mtu aliyeketi ndani yake. Hapo ndipo ukaguzi wowote unapohitaji jicho la ziada.

Lugha nayo imo. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda hufundisha udaktari kwa Kiingereza, Burundi na Kongo kwa Kifaransa. Wagonjwa wa mpakani husema Kiswahili, Kiganda, Kirundi, Kinyarwanda au Kimaasai. Mwanafunzi anaweza kueleza ugonjwa vizuri kwa lugha ya kitabu na kukwama mbele ya mama muuza nyanya. Mkufunzi mwenye busara humtaka arudie: "Sasa mweleze huyo mama, kwa maneno yake." Anayeshindwa hapo mara nyingi hakuwa ameelewa hata mwanzo.

Maswali kabla ya kulipa ada

Wafanyabiashara wengi huwalipia watoto ada au karo katika vyuo vya nchi jirani, na wengi huchagua kwa kuangalia bei, umbali na jina. Yapo maswali manne zaidi ambayo mzazi ana haki ya kuyauliza siku ya kutembelea chuo.

Kikundi kimoja kina wanafunzi wangapi? Nani anakiongoza, na huja kweli au hutuma mwingine? Alipata mafunzo ya kuongoza kikundi, lini na kwa siku ngapi? Wanafunzi humpima, na majibu yao hufanyiwa nini?

Chuo kilichojiandaa kitajibu kwa tarakimu na majina ya idara. Kisichojiandaa kitamwonyesha mgeni jengo jipya. Mzazi akiweza, aombe kuketi nyuma ya chumba dakika 20 na kuhesabu ni nani anazungumza. Akimsikia daktari peke yake muda wote, amepata jibu lake kabla ya kufika kwa mhasibu.

Ada hulipwa kwa muhula. Daktari atakayetoka humo atatibu watu kwa miaka 30 au zaidi, na baadhi yao watakuwa wasafiri wenye homa, waliotoka upande wa pili wa mpaka usiku uliopita, wakisubiri aulize walikotoka.